Kununua nyumba iliyokamatwa kwa deni: Je, dhamana ya Serikali inaiondoa riba?



Ndugu msomaji, mara nyingi mwalimu wa dini huulizwa maswali ya watu wengine, naye hujibu akiwa amekaa kwa raha kwa sababu mzigo si wake. Swali la leo ni langu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa elimu ya dini ya Kiislamu huku Kisorya, pembezoni mwa Ziwa Viktoria, pale kivuko kinapovusha watu kwenda Rugezi, Ukerewe. Nina mke na watoto watatu, na tangu tuoane tunaishi nyumba ya kupanga. Kila Ijumaa nikipata nafasi hupanda gari kwenda Bunda mjini, naswali huko, nanunua mahitaji, narudi.

Ni katika safari hizo mwalimu mwenzangu aliponionyesha tangazo. Taasisi moja ya umma ilikuwa inauza nyumba pale Bunda. Vyumba vitatu, sebule, choo cha ndani, uzio wa matofali, maji ya bomba na hati. Nyumba hiyo ilikuwa ya mtu aliyekopa kwao akashindwa kulipa. Ilipelekwa mnadani mara mbili, haikupata mnunuzi wa bei iliyotakiwa, ikaandikwa kwa jina la taasisi. Sasa inauzwa kwa shilingi milioni 30, na mtumishi wa umma asiye na fedha taslimu ataunganishiwa mkopo wa nyumba wa miaka 10, makato yakikatwa moja kwa moja kwenye mshahara. "Ustaadh," mwenzangu akaniambia, "hii ni ya Serikali na mkopo una mkono wa Serikali. Hapa hakuna mtu binafsi anayekula riba yako. Unasubiri nini?"

Nikenda kuiona, tena nikampeleka na mama watoto. Sitaki kumficha msomaji: tuliipenda. Mke wangu alisimama dirishani jikoni akaanza kupanga meza itakaa wapi. Kwa hiyo yanayofuata hayakuandikwa na mtu ambaye hana haja na nyumba.

Mikataba miwili, si mmoja

Kosa la kwanza ambalo wengi wetu tunalifanya ni kuliona jambo hili kuwa ni moja: "kununua nyumba ya mkopo". Ukilichambua kwa macho ya fiqhi utakuta mna mikataba miwili iliyofungwa kwenye kamba moja. Upo mkataba wa kununua nyumba, na upo mkataba wa kukopa fedha za kuinunulia. Hukumu ya kila mmoja inajitegemea. Wapo wanaosema nyumba ya mnada ni haramu kwa kuwa "ina machozi ya watu", kisha huyo huyo anakwenda benki kukopa kwa riba ili ajenge kiwanja chake, naye anajiona amesalimika. Na wapo wanaosema maadamu nyumba ni halali basi na mkopo umehalalika. Wote wamechanganya mambo.

Tuanze na kununua. Asili ya mnada katika Uislamu ni halali. Katika vitabu vya Sunan, akiwemo Abu Daud na Tirmidhi, imepokewa habari ya Answari mmoja aliyekuja kwa Mtume (saw) kuomba. Akaulizwa kama ana chochote nyumbani, akaleta tandiko na chombo cha kunywea maji. Mtume (saw) akavinadi mwenyewe mbele ya Swahaba. Wa kwanza akatoa dirhamu moja, mwingine akaongeza mpaka dirhamu mbili, akauziwa. Fedha akapewa yule Answari, moja anunue chakula cha familia, nyingine anunue shoka akakate kuni. Angalia msomaji: mnada ulifanywa hadharani, bei ikapanda kwa haki, na fedha zikafika mikononi mwa mwenye mali. Hilo la mwisho tutalirudia.

Kilichokatazwa mnadani ni najshi, yaani mtu kupandisha bei bila nia ya kununua ili kumghilibu mwingine. Hadithi yake iko kwa Bukhari na Muslim. Waliowahi kuhudhuria minada ya mijini wanawafahamu wale vijana wa dalali wanaosimama nyuma wakipaza sauti. Ipo na sura ya pili ambayo haisemwi sana: wanunuzi kupatana kabla ya mnada kwamba fulani asipandishe, ili nyumba ya mtu iende kwa bei ya kutupa kisha wagawane. Hapo anayedhulumiwa ni mdaiwa.

Wala si jambo geni katika nchi yetu kwa chombo cha Serikali kushika mali za wadaiwa. Mwaka 1991 ilitungwa sheria iliyounda LART, chombo kilichokabidhiwa madeni mabovu ya mabenki ya umma kiyakusanye, na mali zilizowekwa rehani zikauzwa. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970 kukopesha wananchi wajenge, ilikufa mwaka 1995, na sababu mojawapo kubwa ni mikopo isiyorejeshwa. Kisha kuanzia 2002, wakati wa Rais Mkapa, Serikali iliuza maelfu ya nyumba zake kwa watumishi kupitia Wakala wa Majengo Tanzania, wanunuzi wakapewa muda wa kulipa kwa awamu. Uuzaji ule ulilalamikiwa sana kwa sababu nyingine, nami siutetei. Naukumbusha kwa jambo moja tu: mwenye nyumba mwenyewe alikubali kulipwa kidogo kidogo. Hilo nalo tuliweke pembeni kwanza.

Mzee mwenye nyumba

Nilipokuwa bado natafakari, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alibaki darasani baada ya kipindi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, eti wewe ndiye unanunua nyumba yetu?"

Sikuwa na jibu. Sikujua kuwa ni yao. Nilijua tu kwamba anaishi kwa baba yake mkubwa hapa Kisorya.

Jumamosi nikamfuata baba yake, mzee wa makamo aliyekuwa akinunua sangara kwa wavuvi na kuwauzia wenye magari ya barafu. Alikopa milioni 15 kuongeza mtaji. Mwaka wa kwanza alilipa vizuri. Biashara ilipomwendea kombo akasimama, akiwa amekwisha kurejesha milioni 6. Hata hivyo, kwa riba na adhabu za kuchelewa, barua ya mwisho ilimdai milioni 19. Nilimwamkia, nikaketi, nikamwambia wazi kilichonileta. Hakukasirika.

"Mwalimu," akasema, "nyumba ile itanunuliwa tu, kama si wewe basi mwingine. Mimi deni nalikubali, nilikopa. Ila mthamini alisema inafikia milioni 40. Wao walinidai 19. Wameichukua yote. Nikiuliza chenji yangu naambiwa faili limefungwa."

Ndugu msomaji, neno "chenji" lilinifanya niende tena vitabuni, kwa sababu alilolisema mzee huyu ndilo hasa Uislamu ulilokuja kulifuta. Zama za Ujahilia aliyeweka rehani akishindwa kulipa kwa wakati, rehani yote iligeuka mali ya mkopeshaji, hata kama thamani yake ni mara mbili ya deni. Mtume (saw) akakataza, akabainisha kuwa rehani haifungwi ikampotea mwenyewe: faida yake ni yake na hasara yake ni juu yake. Kwa hiyo rehani ni amana ya kulilinda deni. Deni lisipolipwa inauzwa, mkopeshaji anachukua haki yake, na kinachozidi anarudishiwa mwenye mali, kama alivyopewa yule Answari dirhamu zake mbili. Mtume (saw) mwenyewe alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Yahudi kwa ajili ya shayiri ya familia yake, na hakuna aliyesema deraya imekwisha kuwa ya Yahudi.

Ama kuuza nyumba anayoishi mdaiwa, wanazuoni wametofautiana, na tofauti yao ina faida kwetu. Imam Malik na Imam Shafi'i wanaona itauzwa kisha mdaiwa apangishiwe makazi. Imam Ahmad, na ndiyo kauli iliyonukuliwa pia kwa Abu Hanifa, wanaona nyumba ambayo mdaiwa hana budi kuishi ndani yake haiuzwi. Sisi wengi wetu huku ni Shafi'i, kwa hiyo siwezi kusema kuuza ni haramu. Lakini hata kwa kauli yetu, familia haitupwi barabarani. Na juu ya yote iko aya ya 280 ya Suratul Baqarah inayoamuru mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe kabisa kukaitwa kuwa ni bora. Kwa bahati mbaya aya hii tunaijua sana tukiwa sisi ndio tunaodaiwa.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inamtaka mkopeshaji ampe mdaiwa notisi kabla ya kuuza, na inamlazimisha atafute bei nzuri kadiri inavyowezekana. Ikiwa nyumba imeuzwa kwa bei iliyo chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inachukulia kwamba mkopeshaji amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Sasa piga hesabu: milioni 40 ukitoa robo ni milioni 30. Ile bei tuliyoisherehekea, mimi na mwenzangu, tukiita "bahati", imeketi juu kabisa ya mstari huo. Fedha zinazobaki baada ya deni na gharama ni haki ya mdaiwa. Mnada wa ardhi lazima utangazwe siku 14 kabla. Na kama nyumba ni ya wanandoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza kabla haijawekwa rehani. Kesi nyingi za wake wanaokuja kuzuia minada mahakamani chanzo chake ni hapo.

Mtu atasema: sheria hiyo hiyo inamlinda mnunuzi mwenye nia njema, halazimiki kuchunguza kama taratibu zote zilifuatwa. Ni kweli, imo. Lakini ulinzi huo ni wa kisheria tu. Mimi nilikwisha kukaa kwenye mkeka wa mzee yule nikamsikia. Na mbele ya Allah (sw) hakuna kifungu cha kumlinda mtu aliyejua akafumba macho.

Kwa hiyo hukumu ya mkataba wa kwanza ni hii: nyumba iliyokamatwa kwa deni inanunulika, na si haramu kwa sababu tu imekamatwa. Sharti lake ni kwamba iwe imeuzwa kwa haki, na ziada ya mwenyewe isiwe imeliwa. Mnunuzi anaweza kuuliza maswali hayo mawili kwa barua ya ukurasa mmoja. Afanye pia upekuzi kwenye daftari la hati, aone jina la nani limeandikwa na kama kuna zuio la mahakama.

Mkopo wenye mkono wa Serikali

Tuje kwenye mkataba wa pili, na hapa sitakuwa na maneno mengi kuhusu hukumu kwa sababu haina utata. Aya ya 275 ya Suratul Baqarah imehalalisha biashara na kuharamisha riba. Mkopo wowote ulioshurutishwa ziada ni riba, awe mkopeshaji ni Mhindi wa dukani, benki ya wageni au Serikali yenyewe.

Chukua hesabu ya nyumba ile ile. Riba za mikopo ya nyumba hapa kwetu zimekuwa zikicheza kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Milioni 30 kwa asilimia 17 kwa miaka 10 ni rejesho la takriban shilingi 521,000 kila mwezi. Zidisha kwa miezi 120 upate milioni 62 na nusu. Umenunua nyumba moja ukalipa mbili. Mwalimu ambaye theluthi ya mshahara wake lazima ibaki baada ya makato, wengi hatufiki hata huko, ndiyo maana wakopeshaji wakarefusha muda mpaka miaka 15, 20 na zaidi, na kila mwaka unaoongezwa ni riba nyingine.

Basi mkono wa Serikali uko wapi? Wengi hudhani Serikali inampunguzia mkopaji. Mara nyingi sivyo, mkono huo unamshika mkopeshaji. Mwaka 2008 zilipitishwa sheria mbili za kuchochea mikopo hii, moja ya mikopo ya nyumba na nyingine ya umiliki wa sehemu ya jengo, yaani maghorofa. Mwaka 2010 ikaundwa TMRC, kampuni ya mabenki yenyewe, ambayo huyapatia mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yakopeshe wananchi. Fungu la kuanzia lilitokana na mradi wa Benki ya Dunia wa dola milioni 40 uliopitia Serikalini. Kuna pia kampuni ya nyumba za watumishi, inayojengea watumishi wa umma. Marekani jambo hili ni la zamani zaidi. Tangu 1934 kuna chombo cha Serikali kinachoyawekea bima mabenki dhidi ya mkopaji wa nyumba atakayeshindwa. Akishindwa, benki inalipwa, nyumba inaangukia kwa wizara yao ya nyumba, nayo wizara inaiuza tena, mara nyingi kwa mnunuzi mwingine mwenye mkopo wa bima ile ile. Gurudumu linazunguka. Kila mahali utaratibu ni mmoja: dhamana imewekwa ili mkopeshaji asipoteze. Riba inabaki kwenye mkataba vile vile, na anayeilipa ni wewe.

Katika fiqhi dhamana huitwa kafala, nayo ni halali. Lakini kafala inafuata deni inalolidhamini. Baba yako akikudhamini katika deni la riba, deni halibadiliki likawa la halali kwa heshima ya baba. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (ra) kwamba Mtume (saw) amewalaani mla riba, mlipaji, mwandishi na mashahidi wawili, akasema wote ni sawa. Hoja ya mwenzangu ya "hapa hakuna mtu binafsi anayekula" inajibiwa na hadithi hiyo, maana mlipaji yumo.

"Lakini nyumba ni dharura"

Hii ndiyo hoja nzito, na si ya kupuuzwa. Akina mama wanaohamishwa na wenye nyumba kila mwaka hawahitaji kuhubiriwa kwa ukali.

Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah mwezi Machi 1990 likalijadili suala la kununua na kujenga nyumba kwa mikopo. Likaamua kwamba njia ya kukopa kwa riba, nyingi au kidogo, haikubaliki kisheria, likataja njia mbadala. Kikao hicho hicho kikahalalisha kuuza kwa awamu kwa bei iliyo juu kuliko ya taslimu, kwa sharti bei ijulikane siku ya mkataba na mnunuzi asitozwe nyongeza akichelewa. Kisha Oktoba 1999, Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti mjini Dublin likatoa fatwa tofauti: Waislamu waishio Ulaya, wasio na njia nyingine, wanaweza kutumia mkopo wa riba kwa nyumba moja ya kuishi. Fatwa hiyo ilipingwa na wanazuoni wengi, na wengine wakaiunga mkono.

Nimewasikia vijana wetu wa mijini wakiitaja fatwa ya Dublin kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya Mbagala. Masharti yake wanayaacha njiani. Waliosema hivyo waliwazungumzia wachache wanaoishi katika nchi zisizo za Kiislamu, asiyekuwa na nyumba nyingine wala mali ya ziada wala mbadala wa halali. Je, mtu mwenye kiwanja kijijini, anayeweza kufyatua tofali zake na kuinua chumba kimoja kila mwaka, amefikia hapo? Huku Kisorya nyumba nyingi zimesimama hivyo. Ardhi ya kijiji, iliyo chini ya sheria yake, Namba 5 ya 1999, wengi hawana hata hati ya kimila, na benki haiwataki. Nimewahi kuona hiyo kuwa ni taabu. Siku hizi naiona kwa jicho jingine kidogo.

Njia zilizopo

Muuzaji akiwa ndiye mmiliki wa nyumba, njia nyepesi kuliko zote ni yeye mwenyewe kuiuza kwa awamu. Hahitajiki mkopeshaji. Taasisi inayomiliki nyumba ya milioni 30 inaweza kusema: kwa mkupuo milioni 30, kwa miaka 10 milioni 45, basi. Bei imefungwa. Hiyo ni biashara, hata kama imezidi. Ndiyo sababu niliukumbusha uuzaji wa 2002. Mipango ya "mpangaji mnunuzi" inayotolewa na baadhi ya mashirika ya nyumba inakaribia mkataba wa ijara inayoishia kwenye umiliki, lakini soma kwanza: wakitoza asilimia ya ziada kwa kodi iliyochelewa, riba imeingia kwa mlango wa nyuma.

Pale muuzaji anapotaka taslimu, inabaki murabaha: benki inainunua nyumba, inaimiliki, kisha inakuuzia kwa faida inayotajwa. Amana Bank ilifungua milango mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini inayofuata Shariah kikamilifu, na mwaka 2021 CRDB ikaanzisha huduma yake ya Al Barakah, kwa hiyo hata sisi wa mbali tuna pa kuulizia. Minnesota, Marekani, walikojazana ndugu zetu Wasomali, wakala wa nyumba wa jimbo kwa kushirikiana na jumuiya ya Waafrika ulianzisha mpango mnamo 2009 ambapo jimbo lilikuwa linainunua nyumba na kumuuzia Mwislamu kwa bei ya juu kwa awamu. Serikali isiyo ya Kiislamu iliweza, kwa sababu waliohusika walikwenda kuomba.

Wapo wanaocheka: "milioni 62 za benki na 58 za murabaha zina tofauti gani? Mmebadilisha jina." Ndivyo walivyosema pia wale waliotajwa ndani ya aya ya 275 yenyewe, kwamba biashara ni kama riba tu. Tofauti utaiona siku mambo yatakapoharibika. Mzee wetu alikopa 15, akalipa 6, akadaiwa 19. Chini ya murabaha ya kweli deni halikui hata kwa shilingi moja. Hata hivyo nakiri, murabaha nyingine ni za karatasi: benki haikumiliki kitu hata kwa saa moja, imekupa fedha ukanunue mwenyewe kisha ikaandika "faida". Mtume (saw) alimkataza Hakim bin Hizam (ra) kuuza asichokuwa nacho. Kwa hiyo muulize afisa: nyumba itakuwa ya nani kati ya siku mtakayomlipa muuzaji na siku nitakayosaini? Ikiungua katikati, hasara ya nani? Akibabaika, ondoka.

Neno moja kwa wanaokwenda kwenye minada ya mahakama: mshindi hutakiwa kutoa asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 15, na akishindwa anaweza kupoteza alichotanguliza. Hakuna murabaha itakayokamilika ndani ya siku hizo kama hukuzungumza na benki mapema. Wengi walioingia kwenye mkopo wa riba "bila kutaka" waliingia wakiwa siku ya kumi na mbili.

Nilichofanya

Niliandika barua mbili kwa taasisi ile. Ya kwanza niliomba waniuzie moja kwa moja kwa awamu, kwa bei ya juu wanayoitaka wao, bila riba na bila adhabu ya kuchelewa. Jibu lilikuja ndani ya wiki tatu: utaratibu wao hauna kipengele hicho, mnunuzi atumie mkopo ulioandaliwa. Ya pili niliuliza hesabu ya mwenye nyumba wa awali: ilichukuliwa kwa thamani gani, deni lilikuwa kiasi gani, na kilichozidi kilikwenda wapi. Hiyo haijajibiwa.

Fomu ya mkopo nimeirudisha bila kusaini. Mwenzangu ananiona mjinga, na huenda yeye ndiye atakayeinunua. Nimempa nakala ya barua ya pili ili naye asiseme hakujua. Nyumbani nilimweleza mama watoto hesabu zote, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama yule mtoto wa kidato cha pili ana mahali pa kusomea usiku. Siku hizi anakuja kwetu baada ya swala ya Isha, taa ipo.

Jumatatu, inshaallah, mimi na mzee tunakwenda Musoma, ofisi ya ardhi ya mkoa, kufanya upekuzi wa ile hati. Amekwisha kukusanya karatasi zake zote ndani ya mfuko wa plastiki: notisi, risiti za milioni 6, na ripoti ya mthamini.

Wallahu a'lam.